Urudi nyuma na msimu upi wa ligi ya Japan: 1993, 2005, 2014 au 2020?

Ukishaipenda ligi ya Japan swali linalofuata ni lilelile, nirudi nyuma nianze na msimu upi. Ligi imeanza Mei 1993, hesabu mwenyewe misimu iliyopita hapo katikati, na huwezi kuangalia yote, una kazi, una familia na bando nalo linaisha. Mi nimebaki na minne ambayo mtu akiniuliza naitaja bila kufikiria sana: 1993, 2005, 2014 na 2020. Najua kuna watu watasema mbona 2017 haipo, ule mwaka Kawasaki Frontale walibeba ubingwa kwa tofauti ya magoli wakanyanyua beseni la kuogea kwa sababu ngao ya ubingwa yenyewe ilikuwa imepelekwa kwenye mechi ya Kashima. Ni stori tamu kweli lakini utamu wake uko siku ya mwisho tu, na hapa nataka msimu ambao ukiushika unakubeba kuanzia mwanzo.

Kabla sijaanza niseme napima kwa nini. Kwanza mbio za ubingwa, yani kulikuwa na presha au bingwa alijulikana mapema. Pili mpira wenyewe uwanjani, unavutia au ni wa kuvumilia. Tatu kuna mtu wa kumfuata, maana ligi ya ugenini bila mtu unayemjua jina lake unaichoka raundi ya tatu. Nne mfumo wa ligi mwaka huo unaeleweka au unahitaji maelezo. Na tano, kama una jioni moja tu uanze na mechi ipi. Misimu yote minne inapita kwenye vigezo hivyohivyo, na nikwambie mapema kwamba hakuna ulioshinda kote, nimejaribu kuipanga mara nyingi na kila nikiipanga inabadilika kutegemea nampangia nani.

Kwa ufupi tu ili tuwe pamoja: 1993 ndio mwaka ligi ya kulipwa ilipozaliwa, Verdy Kawasaki wakawa mabingwa. 2005 Gamba Osaka wakachukua kwa mara ya kwanza. 2014 ni Gamba tena, wakiwa wametoka kupanda daraja. 2020 ni mwaka wa korona, Kawasaki Frontale bingwa, na mfungaji bora akawa Mkenya.

MBIO ZA UBINGWA

Hapa lazima nianze na 2005 kwa sababu sijaona siku ya mwisho kama ile kwenye ligi yoyote ninayoifuatilia. Tarehe 3 Desemba 2005, raundi ya 34, timu tano zinaingia uwanjani na zote zinaweza kuwa bingwa jioni hiyo. Cerezo Osaka wana pointi 58, Gamba Osaka 57, halafu Urawa Reds, Kashima Antlers na JEF United Chiba wote wana 56. Tano! Na wawili wa juu ni watani wa jadi, timu mbili za Osaka, pinki na bluu-nyeusi.

Cerezo wako nyumbani Nagai wanacheza na FC Tokyo, wakishinda imeisha, hawamwangalii mtu. Nishizawa Akinori anawafungia mawili, wanaongoza 2-1, huko kwingine Gamba wanawapiga Kawasaki Frontale kwao, Urawa wanashinda, Kashima wanashinda, JEF wanashinda, lakini yote hayo hayana maana kama Cerezo watamaliza dakika chache zilizobaki. Dakika ya 89, mpira unagombaniwa golini kwa Cerezo, Konno Yasuyuki wa FC Tokyo anausukumia wavuni. 2-2. Uwanja mzima wa pinki unanyamaza, na Gamba wamemaliza 4-2 kule Kawasaki, ndio mabingwa.

Sasa angalia msimamo ulivyokaa: Gamba 60, Urawa 59, Kashima 59, JEF 59, Cerezo 59. Kwa tofauti ya magoli Cerezo wakawa wa tano. Goli moja dakika ya 89 limewatoa nafasi ya kwanza likawatupa ya tano. Na mashabiki wao walikuwa na kidonda tayari, mwaka 2000, ligi ikichezwa kwa hatua mbili, waliingia siku ya mwisho ya hatua ya kwanza wakiwa juu, uwanja huohuo wa Nagai, wakafungwa na Kawasaki Frontale kwenye dakika za nyongeza.

2014 mbio zake ni za aina nyingine, zinapanda polepole. Ligi iliposimama kupisha Kombe la Dunia Gamba walikuwa nafasi ya 16, eneo la kushuka, na Urawa walioongoza walikuwa wamewaacha pointi 14. Hakuna mtu aliyekuwa anawataja. Halafu wakaanza kushinda, wakashinda, wakashinda, hadi tarehe 22 Novemba wanaenda Saitama kucheza na Urawa wenyewe mbele ya watu zaidi ya elfu 56, na siku hiyo Urawa wakishinda wanakuwa mabingwa palepale. Mechi inaenda 0-0 hadi dakika za lala salama, Gamba wanapiga kaunta wanafunga, Urawa wanapanda wote kutafuta, wanafungwa la pili. Wiki iliyofuata Urawa wanaongoza kwa Sagan Tosu wanasawazishiwa dakika za majeruhi. Siku ya mwisho tarehe 6 Desemba Gamba wanatoa sare ya 0-0 na Tokushima Vortis walioburuza mkia, yani wamewapa Urawa nafasi ya dhahabu, na Urawa nyumbani kwao wanapigwa 2-1 na Nagoya. Gamba 63, Urawa 62. Ukiwa shabiki wa Urawa ule mwezi mmoja unaumwa mpaka leo.

1993 haina mbio kwa maana tuliyoizoea. Ligi iligawanywa hatua mbili, Kashima wakashinda ya kwanza, Verdy ya pili, wakakutana fainali ya mechi mbili Januari 1994. Verdy wakashinda 2-0, marudiano 1-1. Utamu uko kwenye ile fainali zaidi kuliko msimamo.

Na 2020 nitakuwa mkweli kabisa, hakuna mbio. Kawasaki walimaliza kazi tarehe 25 Novemba zikiwa zimebaki mechi nne, wakaipiga Gamba iliyokuwa ya pili 5-0, Ienaga akafunga matatu. Walifikisha pointi 83, wa pili ana 65. Kama unachotafuta ni roho kudunda hadi mwisho, 2020 sio yako, ruka.

MPIRA WENYEWE

Lakini ukija kwenye mpira, 2020 inageuza mambo yote. Kawasaki wa Oniki Toru walifunga magoli 88 kwenye mechi 34, walishinda 26, wakapoteza tatu tu, na katikati ya msimu walishinda 12 mfululizo. Pasi zao ni fupifupi, mtu anapokea tayari amegeuka, na wakipoteza mpira wanakuvamia wanne kabla hujanyanyua kichwa. Ndani ya kikosi kuna Mitoma Kaoru ametoka chuo kikuu cha Tsukuba mwaka huohuo, msimu wake wa kwanza kabisa wa kulipwa, anafunga magoli 13. Kule chuo utafiti wake wa kumalizia masomo ulihusu kupiga chenga, na ukimwangalia anavyomsubiri beki aweke uzito mguu mmoja ndio ampite upande wa pili unaona kabisa huyu jamaa amelisoma hili jambo. Leo tunamwona England, mwaka ule beki wa kulia wa Japan ndio walikuwa wanateseka naye. Kuna Tanaka Ao, kuna Morita Hidemasa, yani nusu ya kiungo cha timu ya taifa iko pale inafanya mazoezi pamoja kila siku.

Kasoro ya 2020 ni sauti. Ligi ilianza Februari ikasimama baada ya raundi moja tu, ikarudi tarehe 4 Julai bila watu, kisha mashabiki elfu tano, na kuimba kukapigwa marufuku, ruksa kupiga makofi tu. Japan bila zile nyimbo za dakika 90 ni nusu ya Japan. Kuna watu linawasumbua sana hili, kuna wengine wanasema wanasikia wachezaji wakiitana na wanafurahi. Mi naona makofi yale yana uzuri wake ila nyimbo nazikosa.

2005 ni mpira wa wazi, huku ukifungwa huku ukifunga. Gamba wa Nishino Akira walifunga 82 na wakaruhusu 58, na hao ndio mabingwa, hebu fikiria walioshuka walikuwaje. Ukiangalia leo utaona nafasi kubwa kati ya mabeki na viungo, kasi iko chini kidogo, lakini magoli yapo.

Gamba wa 2014 ni kinyume chake na ndio maana napenda kuiweka karibu na 2005. Mwaka 2012 timu hii ilishuka daraja huku ikiwa ndiyo iliyofunga magoli mengi kuliko zote kwenye ligi, 67. Wanafunga sana, wanafungwa sana, wakazama. Akaja kocha Hasegawa Kenta mwaka 2013, wakapanda, na 2014 wakaruhusu 31 tu msimu mzima. Kipa Higashiguchi akaletwa kutoka Niigata, mabeki wakafundishwa kukaa, na mbele Usami Takashi na Mbrazili Patric waliyempata katikati ya msimu wanamaliza. Sio mpira wa kupendeza kila dakika, kuna mechi zimekaza kama kamba ya kisima, lakini ukipenda kuona timu inavyojengwa upya, hapa umefika.

1993 uangalie kwa jicho la huruma. Viwanja vimejaa, bendera, honi, rangi za jezi zinawaka kweli, ila mpira una mapengo na mastaa wengi wa kigeni walikuja umri umesogea. Ramón Díaz wa Argentina, alikuja Yokohama Marinos akafunga 28 akawa mfungaji bora. Gary Lineker alikuja Nagoya, majeraha ya kidole cha mguu yakamla. Pierre Littbarski alikuwa JEF. Uje hapa kwa ajili ya shangwe, ufundi utaupata miaka ya mbele.

MTU WA KUMFUATA

Kwa sisi wa huku jibu la kwanza ni Michael Olunga, na sitaki kulipita haraka.

Olunga, Engineer kama wanavyomwita Kenya kwa sababu ya masomo yake ya chuo, alitoka Gor Mahia akapita Sweden, China na Girona ya Hispania, akafika Kashiwa Reysol Agosti 2018. Timu ikashuka daraja mwaka huohuo. Angeweza kuondoka. Akabaki, akacheza daraja la pili 2019, na siku ya mwisho ya msimu ule tarehe 24 Novemba dhidi ya Kyoto Sanga Kashiwa wakashinda 13-1 na yeye akafunga nane. Magoli manane mechi moja ya kulipwa, mtu mmoja. Wakapanda.

Halafu ndio 2020. Raundi ya kwanza Kashiwa 4-2 dhidi ya Consadole Sapporo, Olunga mawili, na ligi ikafungwa kwa ajili ya korona. Ilipofunguliwa Julai alikuwa kama hakusimama. Mechi 32, magoli 28. Aliyemfuata kwenye orodha, Everaldo wa Kashima, alikuwa na 18. Kashiwa walimaliza nafasi ya saba tu, na kwa kawaida tuzo ya mchezaji bora wa msimu inakwenda kwa timu bingwa au jirani yake, lakini mwaka ule wakampa yeye, kwenye msimu ambao Kawasaki wamevunja rekodi. Januari 2021 akaenda Al-Duhail ya Qatar.

Mechi za jioni za Japan saa moja usiku kwao kwetu ni saa saba mchana, kwa hiyo mwaka ule nilikuwa nafuatilia Kashiwa muda wa chakula, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji mezani, na hadi leo namkumbuka kwa kitu kimoja: anavyokimbia nyuma ya beki. Hakimbii mapema. Anatembea, anatembea, anamwacha beki amsahau, kiungo akiinua kichwa tu yule mtu mrefu anafungua hatua tatu ndefu na tayari yuko mbele, mguu wa kushoto, kona ya mbali. Beki anabaki amenyoosha mkono anaomba ofsaidi. Utaliona goli la namna hiyo mara nyingi, na kila mara beki anaonekana kama ndio mara ya kwanza.

Mwaka huohuo kuna mtu mwingine wa kumfuata, Nakamura Kengo wa Kawasaki, kiungo aliyecheza klabu moja maisha yake yote ya kulipwa. Alichanika ligamenti ya goti Novemba 2019 akiwa na miaka 39, watu wakajua ndio basi. Akarudi mwisho wa Agosti 2020 akafunga mechi ya kurudi. Tarehe 31 Oktoba anatimiza miaka 40, wanacheza na FC Tokyo, anafunga goli la ushindi 2-1. Kesho yake anatangaza anastaafu mwisho wa msimu. Hii imetokea kweli, tarehe zote unaweza kuzikagua.

1993 una Miura Kazuyoshi, Kazu, aliyeondoka Japan akiwa na miaka 15 kwenda Brazil kutafuta maisha ya mpira na akasajiliwa Santos, akarudi, na ligi ilipoanza akawa sura yake na mchezaji bora wa mwaka wa kwanza. Na Zico. Zico alikuja 1991 kwenye timu ya kiwanda cha chuma cha Sumitomo, mji mdogo wa Kashima ambao wengi Japan kwenyewe hawakuujua, na alikuwa ameshastaafu mpira, amekuwa mpaka kiongozi wa michezo serikalini Brazil. Tarehe 16 Mei 1993, mechi ya kwanza ya Kashima kwenye ligi, ana miaka 40, anafunga matatu, Nagoya ya Lineker inalala 5-0. Ukiuliza kwa nini Kashima hadi leo ni timu kubwa jibu linaanzia hapo.

2005 una Araujo wa Gamba, Mbrazili, magoli 33 na tuzo ya mchezaji bora, halafu akaondoka zake kurudi Brazil. Na kwenye benchi la JEF kuna mzee Ivica Osim, kocha wa timu isiyo na hela kabisa iliyomaliza pointi moja nyuma ya bingwa. Mi Osim namfuata kuliko Araujo, lakini hiyo ni mimi.

2014 ni Endo Yasuhito. Alikuwepo Gamba 2005, alikuwepo waliposhuka 2012, akakubali kucheza daraja la pili akiwa mchezaji wa timu ya taifa, na 2014 akawa mchezaji bora wa ligi. Hana kasi, hapigi chenga, anajua tu mpira unatakiwa uende wapi. Kama we ni mtu wa viungo wachezeshaji utakaa naye msimu mzima.

MFUMO UNAELEWEKA?

Hapa niende mbio kidogo. 2005 na 2020 na 2014 ni timu 18, mechi 34, mwenye pointi nyingi bingwa, kama ulivyozoea. 2005 ndio ulikuwa mwaka wa kwanza wa timu 18 na msimamo mmoja baada ya miaka ya hatua mbili (1996 tu ndio ilikuwa tofauti). Angalizo la 2020 ni kwamba kwa sababu ya korona hakuna aliyeshushwa daraja na timu ziliruhusiwa kubadili wachezaji watano, kwa hiyo chini ya msimamo hakuna vita, timu za mkiani zinacheza bila woga na wakati mwingine bila hamu.

1993 ndio inahitaji maelezo. Timu 10, hatua mbili, sare hakuna. Mkimaliza dakika 90 mmefungana mnaongeza dakika 30 na goli la kwanza linaua mechi, goli la dhahabu, na likikosekana mnapiga penalti. Msimamo haukuwa na pointi, walihesabu mechi ulizoshinda. Ukisoma msimamo wa mwaka ule bila kujua hilo utadhani umekosewa. Watu wengine wanaona ni usumbufu, ila ukipenda maigizo ya mpira utaona kila mechi ina mshindi na watu wanatoka uwanjani wakicheka au wakilia, hakuna katikati.

Kuna jambo la kalenda pia linafaa kuwa kichwani. Misimu yote hii minne ilianza mwanzoni au katikati ya mwaka, na ya baadaye ni Machi au Februari hadi Desemba. Ligi iliamua Desemba 2023 kuhama, kuanzia 2026 msimu unaanza Agosti kama Ulaya. Kwa hiyo zile siku za mwisho za msimu mwezi Desemba, mashabiki wamevaa makoti, jua linazama saa kumi na nusu, ubingwa unaamuliwa wiki chache kabla ya mwaka mpya, huko ndiko unaenda kuzitafuta.

UNA JIONI MOJA, UANZE NA MECHI IPI

Kwa 1993 ni mechi ya ufunguzi, 15 Mei, uwanja wa taifa Tokyo, Verdy na Marinos, watu 59,626. Taa zimezimwa, zinawashwa, Henny Meijer wa Verdy anafunga goli la kwanza la ligi, Marinos wanapindua meza 2-1 na la ushindi ni la Díaz. Halafu marudiano ya fainali Januari 1994, pale ambapo Verdy wanapewa penalti, Zico anaenda kwenye mpira uliowekwa tayari na kuutemea mate, anatolewa kwa kadi. Mtu wa heshima vile! Ukiona hapo unaelewa walikuwa wanaichukulia ligi hii kwa uzito gani.

2005 ni Cerezo na FC Tokyo, usianze na ya Gamba hata kama Gamba ndio mabingwa. Ukimaliza tafuta mechi ya mchujo ya kupanda na kushuka wiki iliyofuata, Ventforet Kofu wanaipiga Kashiwa 6-2 na straika Baré anafunga yote sita.

2014 ni ile ya Saitama, 22 Novemba. Ukipata na fainali ya kombe la Nabisco, yani kombe la ligi, tarehe 8 Novemba weka mbele yake, Gamba wanafungwa 2-0 na Hiroshima wanarudi 3-2, maana mwaka ule walibeba makombe yote matatu ya ndani: ligi, Nabisco na Kombe la Mfalme. Kabla yao ni Kashima tu mwaka 2000 ndio walifanya hivyo.

2020 usitafute mechi, tafuta magoli yote 28 ya Olunga kwa mpangilio wa raundi, kisha Kawasaki na Gamba ya 5-0.

SASA UCHUKUE UPI

Kama we hujawahi kabisa kuangalia ligi ya Japan na unataka mlango wenye mtu unayemjua, 2020, hasa ukiwa Mkenya au una kijana nyumbani anayecheza straika na unataka aone mtu wa kwao amefanya nini huko. Utavumilia ukimya wa viwanja na ubingwa ulioisha mapema, lakini kwa ufundi hautajuta.

Kama unapenda ligi kwa ajili ya msimamo, yule mtu wa kushika kalamu na kupiga hesabu nani akifungwa nani anapanda, 2005 na usisite. Ila usisome matokeo kabla, na kama umeyasoma hapa juu basi nisamehe, bado dakika ya 89 itakushtua.

Kama timu yako imeshuka daraja hivi karibuni, au inapigania kutoshuka na umekata tamaa, chukua 2014. Nimewahi kumpa huo msimu rafiki yangu ambaye timu yake ilikuwa imeshuka na hakutaka hata kuzungumzia mpira, akaniambia alirudia mara mbili ile sehemu ya Julai na Agosti, wakati Gamba wanaanza kushinda na bado hakuna anayewaamini.

Kama we ni mtu wa historia, unataka kujua nchi ambayo mpira wake ulikuwa wa timu za viwanda na mishahara ya ofisini iligeuka vipi kuwa hii tunayoiona Kombe la Dunia, 1993 haikwepeki. Uisome pamoja na mechi ya Japan na Iraq ya tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo pale Doha, 2-2, goli la dakika za majeruhi lililowanyima Kombe la Dunia la 1994. Kazu alikuwa uwanjani. Bila hiyo mechi msimu wa 1993 unaonekana sherehe tupu.

Na kama una nafasi ya misimu miwili, chukua 2005 kisha 2014 kwa mpangilio huo. Yule Konno Yasuyuki wa FC Tokyo, aliyesawazisha Nagai na kuwapa Gamba ubingwa wa kwanza bila kuwa mchezaji wao, alijiunga na Gamba 2012. Alishuka nao, akapanda nao, na 2014 yuko katikati ya uwanja pamoja na Endo wakati wanabeba makombe yote matatu.